Bakuli la Mtama Mpya

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale, maana hadithi hii haimbembelezi mtu.

Mjane Kabula alikuwa na watoto watatu na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama. Binti yake Kalunde alijaliwa macho makali. Sayi alijaliwa kumbukumbu. Lugembe alijaliwa moyo mgumu, na hicho nacho ni kipawa, msicheke.

Kwao kalenda ilikuwa Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo ndogo: kikichomoza mashariki jioni, watu hupanda. Lakini mwaka ule njaa iliwatia watu haraka, kijiji kizima kikapanda kwa manyunyu ya kwanza. Sayi akakataa.

"Mama, tangu Kilimia kizame, miezi haijatimia. Mvua hii inatudanganya."

Wakamcheka. Siku chache baadaye miche yao iliungua juani, na mbegu hawana tena.

Kikabaki kibuyu cha Kabula. Lugembe akawa analala amekikumbatia. Majirani wakaomba, akawanyima. Mkewe Kwandu akapiga magoti. "Baba Holo, konzi moja tu, nimkorogee mtoto uji."

"Tukila mbegu, tutakufa sote."

Holo, binti yao wa pekee, akazikwa kibuyu kikiwa kimejaa. Kabula alikuwa amekaa palepale mlangoni, akasikia yote, asiseme neno. Hilo linamuuma mpaka leo.

Kisha vumbi likafunika anga, nyota hazionekani. Kila magharibi Kalunde alipanda juu ya jiwe, akakodolea macho mashariki, hadi siku moja akapiga kelele: "Kilimia hicho! Mama, kesho tupande!"

Wakapanda. Mvua ya kweli ikaja, mtama ukakubali.

Desturi yao ni kwamba bakuli la kwanza la uji wa mtama mpya hupewa aliyeleta mavuno, na kibuyu cha mbegu kinakuwa chake. Kabula akalishika bakuli.

"Bila mimi tungepanda kwenye manyunyu," alisema Sayi.

"Na bila mimi tungengoja mpaka mvua ipite," alisema Kalunde.

Lugembe alinyoosha mkono, akaurudisha.

Kwandu hakumtazama mumewe. "Mama, mpe Holo. Yeye ndiye ambaye hakula."

Kabula akaona uchungu. Akimpa Lugembe, ni kama anamtuza kwa kaburi la mtoto. Akimnyima, ni kama Holo alikufa bure.

Uji unapoa, na bakuli ni moja. Haya, nyinyi mlioshiba, mngempa nani?