Siku Kifaru Alipohamia Ng'ambo

Hapo zamani, wanangu, Mungu alipokuwa amewaachia wanyama nyumba zao na ugomvi wao, palikuwa na chemchemi moja kati ya vijiji viwili. Kila kiangazi vijiji hivyo vilishindana kuvuta kamba. Walioshinda walikunywa kwanza mpaka mvua irudi. Walioshindwa walingoja, wakanywa tope.

Mwaka uliopita kijiji cha Nyati kilishindwa. Bi Nguchiro alikunywa tope pamoja na watoto na mumewe, na mumewe, aliyekuwa akiwaimbisha wavutaji, hakuiona mvua. Tangu hapo mjane huyo hakutulia. Akiketi, anainuka. Akilala, anaamka kuwagusa watoto, kuona kama wanapumua. Kiangazi kingine kilikuwa kimefika.

Mvutaji mkuu wa kijiji alikuwa Kifaru, na alilipwa kuliko wote. Majani mabichi yote yalikuwa yake, na kidimbwi cha kugaagaa, na kivuli. Wengine walikula makapi, na walijivuna kuwa naye.

Bi Nguchiro alimwendea Nyati, nahodha wao, akamshauri wambadilishe Kifaru na wavutaji wa kijiji cha ng'ambo.

"Mama, una msiba, nakuelewa," Nyati akasema. "Lakini Kifaru akivuta, miti inang'oka."

"Anavuta wakati gani, Bwana Nyati? Wimbo ukisema vuta, yeye anajikuna. Wimbo ukisema pumzika, ndipo anavuta, na wenzake wanaanguka chali, puu. Na ninyi mnaishika kamba tu, mnamngoja yeye."

Nyati alicheka kwa upole, akamwambia aende akapumzike. Apumzike wapi? Aliomba dua, akainuka kabla hajamaliza, akaimalizia njiani akielekea ng'ambo.

Huko mkubwa alikuwa Kiboko. Bi Nguchiro alipiga magoti mbele yake akalia, na machozi hakuhitaji kuyatafuta.

"Mzee Kiboko, nakuomba kitu kimoja. Usimchukue Kifaru wetu."

Kiboko hakuwa amewaza kumchukua. Sasa akawaza.

"Kwani anataka kuhama?"

"Mimi sisemi. Ila majani yenu ni marefu, na yeye ana macho. Mkimpata, nani kwenu atatoka jasho tena?"

Mchana ule ule Kiboko alituma ujumbe. Kifaru atapewa majani yote ya ng'ambo na kidimbwi kipana zaidi, na Nyati atapewa Ngiri pamoja na jamaa zake wote, wale wenye miguu mifupi. Nyati alikataa. Lakini Kifaru alikuwa ameshasikia habari za kidimbwi, akaondoka, ti, ti, ti, bila kuaga. Kijiji kikalia. Kiboko naye, ili asiitwe mwizi, akawaleta akina Ngiri kama alivyoahidi. Bi Nguchiro akawapokea akina Ngiri, akawaonyesha pa kulala, akaanza kuwafundisha wimbo wa marehemu mumewe.

Siku ya kamba ikafika. Watu wa Kiboko waliishika kamba kivivu, wakipiga soga, maana Kifaru yupo. Kifaru alikuwa anajikuna sikio. Upande wa pili Bi Nguchiro aliruka juu ya jiwe. Akataja jina la Mungu, akaanza.

"Vuta, hee!"

"Hee!" wakaitikia, na kwato zote zikachimba ardhi kwa pamoja, kruu.

Kamba ikasogea. Ikasogea tena. Kifaru akakasirika, akavuta ghafla kwa nguvu zake zote bila kumwambia mtu. Wenzake wakaanguka chali, wakaiachia kamba. Akabaki peke yake mbele ya kijiji kizima, na kijiji kikamvuta pua mbele mpaka kwenye tope, chubwi.

Kiboko alimfuata mjane akihema. "Mama, umenidanganya."

"Nilipiga magoti nikakuomba usimchukue, Mzee wangu. Ungenisikiliza."

Hakungoja jibu. Watoto wake walikuwa wameshaingiza midomo majini. Akawakimbilia, akawaambia wamshukuru Mungu kwanza, kisha wanywe polepole wasipaliwe.

Wanangu, mwenye nguvu asiyevuta pamoja na wenzake ni mzigo wa upande wowote atakaokaa.