Asante Isiyo ya Mama Aikande

Hapo zamani, na msidhani ni zamani sana maana kamera zilishafika, kulikuwa na mama huko Uchaggani aliyemzika bintiye Aikande kihambani, yaani shamba la nyumbani, katikati ya mibuni, kama wanavyozikana watu wa kule. Mvua za kwanza zikanyesha. Mibuni ikachanua, kihamba kizima kikawa cheupe. Mama Aikande akapiga magoti kaburini, ua moja likaanguka juu ya udongo, naye akafoka: "Ua limemwangukia mwanangu. Mungu, unaona? Unaona lakini?"

Nyuma ya migomba alijibanza Elinami, mpiga picha. Hodi hakupiga. Pole hakutoa. Alipiga picha, akaondoka. Hivi huyo alilelewa wapi?

Akampelekea picha Mwalimu Kundaeli, akamsimulia na aliyoyasikia. Mwalimu alikuwa mgonjwa wa haiku, yale mashairi ya Kijapani ya mistari mitatu. Akahesabu mizani kwa vidole, akaandika chini ya picha:

*Ua jeupe*
*lamwangukia mwana.*
*Mungu, asante.*

Asante! Nani alishukuru? Nawauliza, nani?

Picha ikatundikwa kanisani, karibu na mlango. Mama Aikande, ambaye tangu mazishi hakukanyaga kanisa, alipopata habari alikuja mbio na kanga yake ya shambani.

"Ishusheni!"

Elinami akasema, "Mama, picha ni yangu. Bila mimi, ua lile lingeoza bila kuonekana."

"Lilikuwa langu kuliona!"

Mwalimu Kundaeli akasema, "Mama, shairi ni langu. Ningeacha ugomvi wako na Mungu usomwe kanisani? Nimekusitiri. Lakini kama unataka, narudisha maneno yako."

"Nani kakutuma unisitiri? Na maneno yangu usithubutu! Sitaki kusomwa na kila anayekung'uta viatu mlangoni. Nimemuuliza Mungu, bado sijajibiwa, nyie mmeshanishukuria!"

Mchungaji akapanda kwenye benchi kuishusha, Mama Aikande akaidaka kona ya chini ya fremu. Hapo akasimama Anasia, mjane ambaye tangu amzike mumewe hakuwahi kufumbua mdomo kuomba, mpaka alipoiona picha ile. Akaishika fremu kwa mikono miwili.

"Mama Aikande, mwenzangu, mimi Mungu nilishamwambia basi. Nilipokuona umepiga magoti, nikasoma ile asante, nikasema kama yeye ameweza, na mimi nitaweza. Ukiishusha, nitashika nini?"

"Sikuweza, Anasia. Umeshika uongo."

"Basi niachie uongo wangu."

Mama Aikande akamtazama, machozi yakamtoka, lakini mkono wake haukuiachia kona ya fremu. Mchungaji naye juu ya benchi, kidole kwenye msumari.

Mimi nikifika hapa hasira hunipanda, nanyi mmenikodolea macho tu. Semeni basi! Mwenye picha, mwenye shairi, mwenye kilio, mwenye faraja: je, nani alistahili kusikilizwa?