Nyamizi Alihudhuria Mara Tatu

Ndugu yangu, hii nimetumiwa leo asubuhi na nimeshindwa kuifuta. Isome mpaka chini, kisha mtumie mtu wako aliyeko chuo.

Katika chuo kikuu kimoja alikuwepo binti wa mwaka wa pili aitwaye Tusekile. Tusekile alikuwa na kipaji ambacho hakuna cheti kingekitaja: aliweza kuiga saini ya mtu yeyote. Na wewe uliyesoma chuo usikunje uso, unajua vizuri ninachosema. Karatasi ya mahudhurio inapita, rafiki yako kalala bwenini, unamsainia. Ndiyo urafiki wenyewe.

Kwa wiki sita nzima Tusekile alimsainia Nyamizi, mwenzake wa chumba kimoja.

Nyamizi hakuwa mvivu, jamani. Mwaka wa kwanza yeye ndiye aliyekuwa akiwaamsha wenzake kwenda darasani. Lakini muhula huu alibadilika. Mchana kutwa yuko kitandani, usiku kucha yuko macho. Chakula akikionja anasukuma sahani. Nywele hasuki, simu ya mama yake hapokei, na ukimuuliza anakujibu, "Nimechoka tu."

Siku moja Tusekile alimwambia, "Twende kwa mshauri pale zahanati ya chuo. Wanasema anasaidia watu."

Nyamizi alimtazama. "Ili mnicheke kama mlivyomcheka yule kijana?"

Mwaka uliopita kijana mmoja alionekana akitoka kwa mshauri, na bweni zima likamwita chizi mpaka akahama. Tusekile naye alicheka, tena sana.

"Niahidi hutamwambia mtu," Nyamizi akasema.

Tusekile akaahidi. Akaendelea kusaini, na kila akisaini alijiona amemsitiri rafiki yake.

Jumanne ya wiki ya saba, asubuhi, Nyamizi akampa birika lake la umeme. Birika zuri, jipya, alilonunuliwa na mama yake. "Chukua," alisema. "Mimi sina kazi nalo tena." Tusekile akafurahi kwelikweli. Akashukuru, akaliweka upande wake, akakimbilia darasani. Laiti angejua!

Mwalimu wao wa takwimu alikuwa Dokta Rwechungura, mzee mkali mwenye sauti ya taratibu. Kwake asiyehudhuria hafanyi mtihani, na anayemsainia mwenzake anapelekwa kamati ya nidhamu. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa mkubwa, alizungusha karatasi tatu: moja kushoto, moja katikati, moja kulia. Siku hiyo hakuanza kufundisha. Alizikusanya zote, akavaa miwani, akazisoma.

"Kuna mwanafunzi ananishangaza," alisema. "Nyamizi Kasongo. Wiki iliyopita alihudhuria mara tatu. Leo pia mara tatu. Kakaa kushoto, kakaa katikati, kakaa na kulia. Hebu asimame tumuone."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakusimama mtu.

"Asipojitokeza, mtihani wangu hafanyi. Namfuta leo hii."

Tusekile alishangaa. Mara tatu? Yeye alisaini mara moja tu! Akinyamaza, hakuna wa kumjua. Lakini alimfikiria Nyamizi akiletewa habari hiyo kitandani, katika hali ile aliyomwacha nayo. Itammaliza. Akasimama.

"Mwalimu, ni mimi niliyemsainia. Nyamizi hayupo. Ni mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Jina la ugonjwa silijui, mwalimu. Hali chakula, halali, haongei. Wiki ya saba sasa. Nilimwahidi sitasema, na nimesema."

Upande wa kulia akasimama Masunga, kiongozi wa darasa. "Na mimi, mwalimu. Niliona hayupo nikaona nimsaidie kimyakimya. Juzi alinipa kikokotozi chake, akasema hatakihitaji."

Kushoto akasimama Mwanahawa, ambaye alikuwa akifanya kazi za darasa pamoja na Nyamizi. Huyo alikuwa analia tayari. "Mimi jana kanipa kanga zake zote."

Tusekile akawageukia. "Mimi leo kanipa birika."

Dokta Rwechungura akavua miwani. "Watoto wangu, huyo hagawi vitu. Anaaga. Tangulieni chumbani, mimi naleta gari. Kimbieni!"

Walikimbia bila hata kuchukua mabegi. Walimkuta Nyamizi amekaa kitandani, na juu ya mto kuna barua aliyokwisha kumwandikia mama yake. Tusekile alimkumbatia, hakuuliza kitu. Nyamizi akamsukuma.

"Umesema! Si uliniahidi?"

"Nimesema," Tusekile alijibu. "Nichukie, lakini nichukie ukiwa hai."

Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unatibika. Akampa dawa, akampangia siku za mazungumzo, na mama yake akasafiri kuja kukaa naye. Haikuwa kazi ya siku mbili. Kuhusu kamati ya nidhamu, Dokta aliwapeleka wote watatu bila huruma, wakapewa onyo la maandishi. Tusekile alilipokea onyo lake huku anatabasamu, wajumbe wakabaki kutazamana.

Muhula uliofuata Nyamizi alirudi. Alimwomba Dokta dakika mbili kabla ya somo, akasimama mbele ya wote.

"Niliugua sonona," alisema. "Nimetibiwa, na dawa bado nakunywa. Anayetaka kucheka acheke sasa, niko hapa."

Hakucheka mtu. Kipindi kilipokwisha, wanafunzi wawili walimfuata pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, wakamuuliza kwa sauti ya chini chumba cha mshauri kiko wapi. Akawapeleka mwenyewe hadi mlangoni.

Kisha akamtafuta Tusekile.

"Siku ile nilikuchukia kweli," alimwambia. "Nilisema moyoni, huyu si rafiki, ni msaliti. Ahsante, mwenzangu. Ahsante kwa kuvunja ahadi. Mungu akubariki."

Machozi yakamtoka Tusekile. Akataka kumwomba radhi kwa zile wiki sita za kusaini, na kwa kile kicheko chake cha mwaka wa kwanza.

"Utaniambia baadaye," Nyamizi akamkatiza, akimvuta mkono. "Nina njaa. Unajua ni lini mara ya mwisho nilisikia njaa? Twende tukale."

Funzo: Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, hauna aibu na una matibabu. Ukimpenda mwenzako usimsaidie kujificha. Sema, na umfikishe kwa anayeweza kumtibu, hata kama leo atakukasirikia.