Pimbi na Mkanda Wenye Meno

Hadithi inakuja!
— Ije!
Ina meno!
— Tutaikamata mkia!
Haina mkia!
— Basi ikamate wewe, sisi tunasikiliza.

"Elfu mbili!" alisema Fisi.

"Jana ulisema mia tatu!" alisema Pimbi.

"Jana ilikuwa jana."

"Na hiyo jana nikakupa noti ya mia tano, mkononi mwako. Ukasema chenji huna, nije kesho. Leo ndiyo kesho, Bwana Fisi. Nipe mkanda wangu na mia mbili yangu."

Fisi akacheka. Kwi-kwi-kwi! Pango zima likacheka naye, na mifupa iliyorundikwa kwenye kona ikagongana: kocho, kocho.

Pimbi huyu, mnyama wa mawe asiye na mkia, mkubwa kama sungura na si zaidi, aliishi na watoto wake watatu juu kabisa ya mlima wa theluji, ndani ya ufa wa mwamba. Majani ya huko yalikuwa yamekwisha. Na juu ya ufa ule kulikuwa na fungu la theluji limening'inia, na kila siku lilinguruma: nguuuu. Jana lilinguruma mara mbili. Leo, kabla jua halijapanda, mara tano.

Njia ya kushuka ilikuwa moja, barafu tupu. Fisi ana kucha, alipanda na kushuka apendavyo. Nyayo za pimbi ni laini. Hushika mwamba, hazishiki barafu. Kwa hiyo Pimbi alishuka kwa ubao wa kutelezea, ubao ambao mgeni mmoja aliusahau kule juu miaka mingi iliyopita. Ubao ule ulikuwa na mahali pa miguu miwili, na kila mahali pana mkanda wenye meno na bizimu lake. Unausukuma mkanda ndani ya bizimu, kre, kre, kre, unakaza. Pimbi na mtoto mmoja hujifunga mkanda wa mbele. Watoto wawili hufungwa mkanda wa nyuma. Shwaaa, mpaka chini.

Sasa mkanda wa nyuma umekatika. Mkanda uliobaki ni mmoja, unabeba roho mbili, na roho ziko nne. Wawili washuke, wawili wabaki. Wabaki wepi? Pimbi hakuweza kulimaliza swali hilo kichwani mwake. Akachukua kipande kilichokatika, akaenda kwa Fisi, ng'ambo ya jabali, kutafuta cha kufanana nacho. Maana Fisi aliokota kila kilichodondoshwa na wageni mlimani: mikanda, mabizimu, skrubu. Akavifungia pangoni, akaviuza.

"Mkanda wa zamani huu, Mama Kidonge," alisema Fisi, akiuning'iniza mbele ya macho yake. "Hautengenezwi tena. Kaulize mlima mzima. Elfu mbili."

"Sina."

"Najua huna. Una watoto wangapi?"

Pimbi akarudi nyuma hatua moja.

"Watatu," alisema.

"Nipe mmoja tuyamalize. Yule mnene."

Pimbi alitaka kumng'ata pua. Hasira ilimpanda, hofu ikaikalia juu. Nje mlima ukanguruma: nguuuu. Akaushika ule mkanda, akaugeuza huku na huku. Akauliza, "Na huu, Bwana Fisi, ukishafungwa, unafunguliwaje?"

"Swali gani hilo? Unavuta tu!"

Pimbi akamtazama Fisi, kisha akautazama mkanda.

Yeyote aliyewahi kuvaa mkanda ule anajua: ukiuvuta, unakaza. Kuufungua, sharti uinue kilimi, kijipande cha chuma kilichojificha chini ya bizimu. Fisi ameuza mikanda miaka saba. Bei anazijua zote. Hajavaa hata mmoja.

"Haya," alisema Pimbi. "Mtoto mmoja." Akamrudishia Fisi mkanda. "Lakini hawatoki ufani kwa kuitwa. Wamezoea kutoka wakisikia mikanda inafungwa. Chukua mkanda, twende."

Wakaenda. Pimbi mbele, Fisi nyuma. Pimbi akapiga hatua, pumzi ya Fisi ikampiga mgongoni: hah! Akapiga hatua, hah! Akapiga hatua, hah! Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka atakimbia, na akikimbia ataliwa.

Wakafika. Ubao ulikuwa ukingoni mwa barafu, umezuiwa na jiwe dogo. Pimbi akaufunga mkanda mahali pake, akizikaza skrubu kwa jino: kri, kri, kri. Akaingiza mguu. Akausukuma mkanda. Kimya. Akasukuma tena. Kimya.

"Umekakamaa, umekaa sana pangoni kwako. Nguvu sina. Bila sauti hawatoki."

Ufani kukasikika kichafya cha mtoto. Chi! Mate yakamdondoka Fisi, tap, tap, juu ya theluji.

"Ondoka hapo, mdhaifu wee!"

Akatia mguu wa nyuma mmoja. Kre, kre, kre! Akatia wa pili. Kre, kre, kre!

Mtoto wa kwanza akatoka. Mtoto wa pili akatoka. Fisi akarusha meno: kap! Akapata upepo. Miguu haikwenda. Akavuta. Kre! Akavuta tena. Kre!

"Mama Kidonge! Nini hiki?"

"Vuta tu," alisema Pimbi. Kisha akapaza sauti: "Mgongoni! Pandeni mgongoni kwa Fisi!"

Wa kwanza akaruka, akashika manyoya. Wa pili akaruka, akashika. Wa tatu, Kidonge, yule mnene, alisimama kwenye mdomo wa ufa akiyatazama yale meno.

"Kidonge!"

Kidonge haendi.

"Kidonge, njoo!"

Haendi. Na juu yao: nguuuu... TAK!

Pimbi akakimbia. Akapita chini ya taya la Fisi, meno yakamnyofoa manyoya ya bega. Akamkamata Kidonge kwa ngozi ya shingo, akarudi, akaruka mgongoni. Fisi, kwa uroho wake, akajirusha mzima mzima amdake. Jiwe likatoka.

Shwaaaaaaa!

Nyuma yao theluji yote ya mlima: gurum-gurum-gurum!

"Simamisha!" alilia Fisi.

"Mimi abiria tu!" alisema Pimbi, macho ameyafumba.

Hakuyafumbua mpaka aliponusa majani. Ubao ulikuwa umesimama nyikani, na theluji imesimama nyuma yao, umbali wa kutema mate. Pimbi akahesabu: mmoja, wawili, watatu. Hakuamini. Akahesabu tena.

Kisha akashuka, akasimama hatua moja nje ya meno ya Fisi.

"Nifungue, mama," alisema Fisi.

"Chenji yangu."

"Chenji sina. Njoo kesho."

"Sawa," alisema Pimbi. "Na mimi kilimi nitakiinua kesho."

Hadithi yangu imefika chini salama. Aliyebaki juu asinilaumu. Nayo inatufunza hivi, wanangu: muuzaji huijua mali yake, basi muulizeni na mumwamini. Na chenji ndogo si ya kugombania jirani.

Mkipita nyika ile asubuhi mtamkuta Pimbi, hatua moja nje ya meno, kiganja mbele.

"Mia mbili yangu."