Kamera ya Kugusa na Kicheko cha Baba

Wahenga hawakuwahi kuiona kamera, lakini mnunuzi wa kamera walimfahamu vizuri. Walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Yaani kitu kipya humpendeza mtu hata kama ndani yake kimebeba maumivu. Mwenye kidonda kipya hukichungulia kila baada ya dakika mbili na kukipuliza, utadhani kapewa zawadi.

Kimulimuli alikuwa mpiga picha. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya taa ya kamera yake, iliyomulika katika kila harusi, kila mahafali na kila ubishi wa nani akae mstari wa mbele. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kigoda cha kuzunguka, na kitana kilichofungwa ukutani kwa mnyororo, maana wateja waliaminika kwa kila kitu isipokuwa kitana. Chumba hicho alikigawana na mpiga picha mwenzake aliyemzidi umri, ambaye watu walimwita Kobe kwa kuwa alipiga picha moja wakati wengine wameshapiga ishirini.

Kamera ya Kimulimuli ilikuwa ya siku nyingi, imechubuka pembeni kama goti la mtoto mtundu. Hata hivyo, kitufe chake cha kupigia picha kilikuwa kimezoeana na kidole chake kama mtu na jirani yake. Ukikibonyeza nusu, lenzi hulenga na kutulia. Hapo unaweza kungoja, jicho lako liko kwenye kidirisha, pumzi umeibana, mpaka uso wa mtu ufunguke wenyewe. Ukimalizia ile nusu ya pili, picha imeingia. Kobe alipenda kusema kwamba picha nzuri hupatikana katika ile nusu ya kungoja.

Na kungoja Kimulimuli alikujua. Baba yake aliondoka yeye akiwa na miaka tisa, akaenda kufanya kazi machimboni, ng'ambo ya mipaka miwili, mahali ambapo simu ilishika mtandao juu ya kifusi kimoja tu, tena ile simu yenyewe ilikuwa ya tochi, isiyopiga picha. Miaka kumi na minne ilipita. Nyumbani walikuwa na picha yake moja, ya pasipoti, iliyobanduliwa kwenye fomu, na pini ya stepla ilikuwa imemtoboa paji la uso. Humo baba alikuwa amekaza uso kama mtu anayesomewa hukumu.

"Huyo siye," mama alizoea kusema, akiifuta vumbi. "Huyo ni mtu wa fomu. Baba yako akicheka, meno yote huhudhuria, hata yale ya nyuma ambayo hayakualikwa. Tatizo ni kwamba nimeanza kuusahau uso wake akiwa hivyo. Nikiutafuta, unakuja huu wa pini."

Basi siku moja habari zikaja: baba anarudi, kwa siku mbili tu, kubadilisha hati zake za kazi. Nyumba nzima ilipigwa deki mara tatu. Mama, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma siku nyingi, alimwita binti yake akamkalisha karibu.

"Mwanangu, mimi sikuombi kitu kingine. Nipigie kile kicheko."

Ombi lilikuwa dogo kama punje, lakini kulitimiza kulikuwa kazi. Kimulimuli alijua kwamba baba akiiona kamera tu, uso wake utafunga kama duka saa ya mapumziko. Kicheko chake kingepatikana kwa kuibiwa. Akiwa na wazo hilo, alipita mbele ya duka la vifaa, na kioo cha duka kikamwita kwa jina. Humo ndani palikuwa na kamera mpya, nyembamba, inayong'aa kama mende aliyepakwa mafuta. Muuzaji alimwonyesha: unaishika kiunoni kama unasoma ujumbe wa simu, unagusa uso wa mtu kwenye skrini, nayo inalenga na kupiga papo hapo, kimya, picha mfululizo, bila mlio wowote. Kimulimuli hakujipa hata usiku mmoja wa kulifikiria. Aliitoa akiba yake, akaitoa na kamera ya zamani iwe sehemu ya malipo, akarudi studio anatembea kama bibi harusi.

Kobe aliipindua ile kamera huku na huku. "Kitufe kiko wapi?"

"Kipo hapo pembeni, kaka, lakini cha nini? Huku ni kugusa tu. Enzi za kubonyeza zimepita."

"Na kidole kitajuaje kwamba kimefika?"

"Macho yatakiangalia."

"Haya. Macho yakikiangalia kidole, nani atamwangalia mteja?"

"Kaka, wewe hata mlango ulio wazi unaupigia hodi mara tatu. Acha vijana tupite."

Kobe alicheka, akamrudishia. "Pita, mdogo wangu. Ila ifanyie mazoezi angalau wiki moja."

"Baba anafika kesho," alisema Kimulimuli, na mjadala ukafungwa.

Baba alifika. Alikuwa mfupi kuliko alivyokumbukwa. Yeye na mama walikaa sebuleni kila mmoja kwenye kiti chake, kama wagonjwa wawili wanaomsubiri daktari mmoja.

"Chai ina sukari?" mama aliuliza.

"Inatosha," baba alijibu.

Miaka kumi na minne ya kungojana, na wakakutana kwenye sukari. Kimulimuli alijibanza nyuma ya mlango, akagusa skrini, akagusa tena. Kila mara baba alihisi, akageuka, akakaza uso. Mama alizipitia picha zote arobaini, kisha akamrudishia binti yake kamera. "Fomu," alisema.

Siku ya pili adhuhuri, baba aliaga. Mlangoni aliushika mkono wa mama, wakapeana mikono kama watu waliouziana shamba, ila wote wawili wakasahau kuachia. Mwishowe mama ndiye aliyeachia. Alipompita Kimulimuli, alimnong'oneza: "Stendi ndiyo nafasi ya mwisho."

Jua lilikuwa kali. Baba na binti walilibeba begi kwa pamoja, kila mmoja na mkanda wake, na kamera ilining'inia shingoni mwa Kimulimuli, imewashwa, iko tayari, ikimgonga tumboni kwenye blauzi iliyolowa jasho. Stendini walikaa juu ya begi wakisubiri basi. Baba alikuna kidevu, akatazama upande wa pili.

"Hivi mama yako bado anakoroma?"

"Mama anasema uliyekuwa ukikoroma ni wewe, baba. Yeye alikuwa anakuitikia tu."

Kicheko kikatoka. Kilianzia kifuani kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori, kikapanda, kikageuka mluzi. Kimulimuli aliinamisha kichwa haraka, akaigusa skrini. Yakatokea maneno mawili: Kadi imejaa. Akagusa tena. Kadi imejaa. Juu ya kichwa chake kicheko kiliendelea kumwagika, naye akigusa, akifuta, akigusa. Alipoinua macho, baba alikuwa akijipangusa machozi kwa mkono wa shati, na mdomo umeshafungwa.

"Baba, cheka tena kidogo."

"Kicheko si bomba la maji, mwanangu." Lakini kwa kuwa alimpenda, alijaribu, akatoa meno kama aliyeambiwa afungue kinywa kwa daktari. Konda akaita abiria. Baba alimkumbatia binti yake, akakanyaga ngazi, akageuka. "Mwambie mama yako..." Akatafuta neno. Konda akagonga bati. "Mwambie tu," alisema baba, na basi likamchukua.

Kimulimuli aliifungua kadi palepale. Skrini ya kugusa haibagui. Kwake yeye tumbo lenye jasho nalo ni kidole, tena kinene. Njia nzima kamera ilikuwa imepiga kimyakimya: vumbi, visoda, ndala zake mwenyewe, na viatu vya baba. Mamia ya picha za viatu vya baba.

Alimkuta mama mlangoni, miwani ameshaisafisha.

"Alicheka?"

"Alicheka, mama." Akamsimulia habari ya kukoroma, na mama akajiziba mdomo kwa kiganja kama msichana.

"Nionyeshe."

Mama alizitazama picha moja baada ya nyingine, bila haraka. "Bado anakula soli upande wa nje," alisema. Akatazama nyingine kumi. "Basi, kama haikuingia haikuingia. Nieleze wewe uliyekuwepo. Macho yalifumba yote, au moja lilibaki? Na lile shavu la kushoto, bado linabonyea?"

Kimulimuli alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye uso ule.

"Sikuona, mama. Nilikuwa naangalia skrini."

Mama alimrudishia kamera kwa mikono miwili, taratibu, kama anayerudisha chombo cha mgeni.

"Hizo hati zake mpya ni za miaka mingapi?"

"Mitano."

"Nitakuwa na sitini na mbili," mama alisema, akaingia ndani akishikilia ukuta.

Kimulimuli aliketi kizingitini. Skrini ilikuwa bado inawaka mapajani mwake, rangi zimekolea, kila uzi wa kamba ya kiatu unahesabika. Hata yeye mwenyewe, pamoja na uchungu wote aliokuwa nao, alikiri kwamba ilikuwa kamera nzuri. Hakika, kipya kinyemi, ingawa kidonda.