Hatua Moja Kabla ya Mlango

Mbacha ni mkeka uliozeeka: ukingo umefumuka, ukili umekatika, rangi imekwenda zake zamani. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Sasa mtu anapita njiani na msala wake begani, nawe kwa tamaa tu unautupa mbacha wako nje, ukidhani atakutandikia. Hakutandikii ng'o! Kupita ndiko kulikomleta. Ukirudi kuutafuta mbacha unakuta jirani keshautia motoni, nawe unalala kwenye sakafu tupu. Ndiyo maana tukaonywa: usiache mbachao kwa msala upitao. Anayedhani hayo ni maneno ya kujazia daftari la shule, na asikilize yaliyompata Mratibu.

Mratibu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wachangiaji wa karakana ya miguu bandia. Karakana hiyo iliachwa na marehemu baba yake, katika jengo ambalo zamani lilikuwa kinu cha kusagia nafaka. Kaka yake, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata mama yao mzazi, ndiye aliyetengeneza miguu. Waliovaa hawakulipa hata senti. Baba alipokuwa akikata roho aliwashika mikono wote wawili, akasema, "Mlango ule usifungwe." Basi. Hakutaja nyumba wala shamba.

Waliolipia miguu hiyo hawakuwa matajiri. Walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili: wasusi, madereva, wauguzi, muuza magazeti mmoja, na wastaafu wengi wenye pensheni ya kubahatisha. Kila mmoja alikuwa na kadi yake katika kabati la mbao lenye droo ndogo ndogo. Bi Kadi, katibu mzee aliyekwisha kustaafu, alikuwa ameandika humo kwa mkono mambo yasiyojulikana na mashine: "Huyu anauguza mume. Mwaka huu asiombwe, asalimiwe tu."

Tena walikuwa na desturi yao. Mtu akipata mguu mpya, siku ya kusimama alitandikiwa karatasi ndefu ukumbini. Nyayo zake, ule wa nyama na ule wa bandia, zilipakwa wino, kisha akatembea huku analia au anacheka, au vyote viwili kwa pamoja. Karatasi ilipokauka ilikatwa hatua kwa hatua. Kila hatua ikatiwa kwenye bahasha na kupelekewa mchangiaji mmoja, pamoja na maneno ya mkono: "Hatua hii ni yako." Mara nne kwa mwaka kila mchangiaji alipokea hatua yake, na akiipokea, naye alirudisha bahasha yenye alichojaliwa.

Kati ya bahasha zilizorudi, moja haikufungwa kwa gundi. Ilifungwa kwa kifungo cha shati, kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Ilikuwa ya mama mmoja aliyeishi kwa kuwashonea mafundi cherehani vifungo, naye alikuwa hajakosa hata mara moja kwa miaka kumi na mitano. Ofisini walimwita Bibi wa Vifungo. Hakuna aliyewahi kumwona.

Ndipo akaja Bwana Viatu. Jina hilo alipewa na Fundi, kwa kuwa viatu vyake vilimeremeta kiasi cha mtu kunyolea ndevu. Alitoka kwenye wakfu mkubwa. Alilitazama kabati la kadi kama mtu aliyemkuta mbuzi sebuleni.

"Dada, hizi bahasha za vibibi utazilamba mpaka lini?" aliuliza. "Mimi peke yangu nitawapa mara tano ya hao wote, kwa miaka mitatu. Ila ukuta huu nautaka, niweke bango langu. Na jina liwe moja. Siwezi kupanga foleni na muuza magazeti."

Alipoondoka, Fundi alipangusa plasta mikononi. "Mdogo wangu, yule bwana hajauliza hata mguu unatengenezwaje."

"Kaka, miguu haitengenezwi kwa maswali."

"Na watu wetu tutawaambiaje?"

"Kwani lazima tuwaambie?" alijibu Mratibu. Tusimwonee, alikuwa amechoka kwelikweli. Ulimi wake ulikuwa na ladha ya gundi hata akinywa chai, na vidole vyake vilikuwa na wino usiotoka kwa sabuni yoyote.

Mkataba ukatiwa saini. Kabati likatolewa, kadi zikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa karatasi kuukuu, na bango la alumini likapigiliwa palepale lilipokuwa kabati. Robo mwaka ilipotimia hakuna hatua iliyotumwa kwa mtu yeyote. Watu mia tatu na kumi na wawili hawakuambiwa hata kwaheri.

Jumatatu moja ya mwezi uleule, Mratibu alipofungua ofisi saa mbili asubuhi, Mama Usafi, mfagizi wao, alianza kufoka nyuma yake kabla hawajaingia.

"Jamani, nani kanikanyagia sakafu yangu? Jumamosi nimeipiga nta mpaka nikajiona uso!"

Sakafu ilikuwa nyekundu, na juu yake kulikuwa na nyayo nyeupe za vumbi la plasta. Zilianzia mlangoni, zikapita kando ya meza ya Mratibu, zikaishia chini ya bango, zikiwa zimeuelekea ukuta, kama mtu aliyesimama kwenye dirisha la posta akingoja kuhudumiwa. Hakukuwa na nyayo za kurudi.

Fundi aliitwa. Alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Maishani mwake alikuwa amesoma nyayo nyingi kuliko vitabu.

"Ni mwanamke," alisema. "Mzee, mwembamba. Tazama, kidole cha mwisho kimepinda. Lakini huu ni mguu wa kushoto tu. Wa kulia hakuna. Pana hivi vitone vya mviringo."

"Vitone vya nini?"

"Vya fimbo." Fundi aliinuka taratibu. "Si mtu wetu huyu. Watu wetu wote wana miguu miwili. Si ndiyo kazi yetu?"

Walibadilisha kufuli. Mratibu akawa na ufunguo peke yake, akalala nao chini ya mto. Jumatatu iliyofuata nyayo zilikuwepo. Na iliyofuata. Zilikuja vilevile, mguu na kitone, mguu na kitone, zikasimama pale pale. Mama Usafi alizifuta mara ya nne, kisha akaweka ndoo chini akasema mshahara wake ni wa kufuta uchafu, na ule haukuwa uchafu. Hakurudi tena.

Ikawa miezi mitano. Siku moja, adhuhuri kabisa, jua likiwaka dirishani na wafanyakazi wakiwa wamekwenda kula, Mratibu alikuwa mezani akiandika ripoti ya Bwana Viatu. Alisikia kitu ukumbini. Pu. Kisha, ko. Pu. Ko. Kilikuja polepole bila kusita, kikaingia, kikapita kando ya meza yake karibu kiasi kwamba karatasi ya juu iliinuka ncha.  Hakuinua macho, nani angeinua? Kikanyamaza chini ya bango. Mratibu alikaa ameshika kalamu, jasho jembamba likimtiririka mgongoni. Kitu kile hakikumtisha kwa lolote. Kilingoja tu. Na kule kungoja ndiko kulikomtia hofu kuliko kelele yoyote.

Mwezi wa sita wa nyayo zile ikaja barua ya mistari minne. Wakfu ulikuwa umebadilisha kipaumbele, na kipaumbele sasa kilikuwa miti. Uliwatakia kila la heri. Mratibu alipiga simu, akaambiwa Bwana Viatu yuko safarini, na kesho yake, na kesho kutwa. Msala ulikuwa umepita.

Umeme ulikatwa. Mafundi wasaidizi waliaga mmoja mmoja. Kwenye benchi ulibaki mguu mmoja wa kulia ulioishia nusu: wayo na kikombe cha kuingizia paja vilikuwa tayari, bomba la katikati halikuwepo wala fedha ya kulinunua. Ulikuwa wa Tarishi, mpeleka barua aliyegongwa na lori miaka miwili nyuma. Alikuja kila asubuhi kwa magongo, akakaa kwenye ngazi akiutazama mlango. Fundi alikuwa ameshanunua mnyororo wa kuufunga.

"Baba alitaka kitu kimoja tu," alimwambia dada yake. Akauweka mnyororo mezani pake, na Mratibu alitamani amtukane kuliko vile.

Jioni hiyo alinunua njugu kwa muuzaji wa kona, si kwa njaa, bali mikono ipate kazi. Alipozimaliza akaifungua karatasi iliyosokotwa. Ilikuwa kadi. Aliutambua mwandiko wa Bi Kadi kabla ya kuusoma. Juu kulikuwa na mtaa na namba ya nyumba ya Bibi wa Vifungo, na chini maneno haya: "Asipigiwe simu, aandikiwe. Kila mara apelekewe hatua ya mguu wa kulia." Alizikumbuka nyayo zisizo na mguu wa kulia, akakaa ukingoni mwa barabara kama mlevi.

Nyumba ilikuwa ya chumba na ukumbi, nyuma ya safu ya mafundi cherehani. Aliyemfungulia alikuwa mwanamke wa makamo, uzi umemning'inia mdomoni.

"Karibu, dada. Kaa hapo." Alimwonyesha mkeka uliochakaa, umeshonwashonwa kwa nyuzi za rangi kila aina. "Usiudharau, ndiko mama alikoshindia kazi yake."

"Nimekuja kumwona yeye."

"Umechelewa. Huu mwezi wa saba tangu tumzike." Akataja mwezi, na siku. Ilikuwa Jumamosi. Mratibu alihesabu kwa vidole ndani ya mkoba, mtu asione. Nyayo za kwanza aliziona Jumatatu iliyofuata.

Hapo ndipo alipoutazama ukuta. Chini kabisa, karibu na sakafu, zilibandikwa karatasi za wino, wayo baada ya wayo, zote za kulia, zote za bandia. Zilianzia kitandani, zikazunguka chumba kizima, zikapita dirisha na kabati, zikaelekea mlangoni. Kati ya hatua na hatua palikuwa na alama hafifu ya mguu wa kushoto kwenye saruji, kwa kupita mahali pamoja miaka na miaka. Safu ilikomea hatua moja kabla ya mlango.

"Alikatwa mguu wa kulia akiwa msichana," alisema binti. "Kila alipopata karatasi yenu aliibandika, halafu akaizunguka safu yote na fimbo yake. Alisema anatembea."

"Kwa nini hakuja kwetu? Tungemtengenezea! Bure!" Sauti ya Mratibu ilipasuka.

"Alisema foleni yenu ni ndefu, na fimbo yake wameshazoeana." Binti alitabasamu kidogo. Kisha akatoa kopo, na ndani mlikuwa na bahasha nne zilizofungwa kwa vifungo. "Alijua anaondoka, akashona za mwaka mzima. Akaniambia, 'Usiwasukumie watu wasichokitaka. Wakileta hatua, wape bahasha.' Siku za mwisho aliuliza kila asubuhi kama imekuja. Umeileta, dada?"

Mratibu alitazama mikono yake mitupu. Alilia pale pale, juu ya mbacha wa watu, bila kuficha uso.

Alirudi karakana akikimbia. Alipanda kiti, akaling'oa bango kwa nyundo, akaliburuta mpaka kwenye benchi.

"Kaka, fremu hii ni alumini?"

Fundi aliigonga kwa kidole, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka. "Alumini safi. Kumbe Bwana Viatu ana mguu ndani yake!"

Siku ya tatu Tarishi alisimama. Walimpaka wino, akatembea karatasi nzima huku anatetemeka na kumtukana dereva wa lori kwa furaha. Kuipeleka hatua ya kulia, ya Bibi wa Vifungo, alikataa katakata kumwachia mtu. "Mimi nimepeleka barua miaka ishirini. Na hii ni yangu," alisema. Walikwenda wote wawili, polepole, na Mratibu akapiga magoti akaibandika mahali palipobaki wazi, mlangoni kabisa. Binti aliwapa bahasha ya kwanza.

Fedha ya bahasha ile ilitosha kununua karatasi, wino na stempu, basi. Mratibu alikwenda kwa Bi Kadi, wakakaa siku nyingi wakikumbuka majina pamoja. Alipiga hodi mlango kwa mlango, akaomba radhi kwa mdomo wake. Wengine walimfungia. Muuza magazeti alimsema mpaka watu wakajaa, kisha akatoa. Kati ya mia tatu na kumi na wawili aliwapata themanini na saba. Waliobaki walikwenda na njugu. Nusu ya jengo ilibidi ipangishwe, na wagonjwa wanaosubiri sasa husubiri mara mbili ya zamani. Hayo ni majuto yake, na anayabeba kila siku.

Lakini mlango haukufungwa. Na Jumatatu ile baada ya kumpelekea Bibi hatua yake, Mratibu alifungua ofisi saa mbili asubuhi akakuta nyayo tena. Safari hii zilianzia ukutani, zikapita meza yake, zikavuka kizingiti kuelekea nje kwenye jua. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Fimbo haikuwepo. Aliinama akaugusa wayo wa kulia kwa kidole, vumbi likiwa bado na ubaridi, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka karakana: kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.