Kinu Kilichopumua

Nipeni nafasi nitambe! Tamba! Basi tulieni, maana leo natamba kwa hasira.

Palikuwa na mama, Mwanamvua, na bintiye Mishi. Mishi alikuwa mwingi wa hofu: kelele zikizidi hutetemeka, huziba masikio, hulia. Siku ya kutwanga mpunga wa harusi, wanawake walikusanyika uani kwa Bi Riziki. Katikati palikuwa na kinu kikubwa kipya, na hakuna aliyeuliza kimetoka wapi.

Mishi akapiga yowe. "Mama, kinu kinapumua!"

"Mchape huyo," akasema Bi Riziki.

Wakatwanga. "Mama, kinu kinapumua!"

"Umemdekeza wewe!" mwanamke mwingine akamwambia Mwanamvua.

Wakatwanga tena. "Mama, kinapumua!"

"Mfungie ndani, anatutia nuksi!" wakasema wote.

Mwanamvua hakumchapa wala hakumfungia. Aliinama, akaweka sikio kwenye kinu. Kweli, kilikuwa kinapumua. Akachukua mekoni sufuria ya maji yanayochemka, akayamimina yote ndani. Zimwi lililojigeuza kinu likachomoka likiunguruma, likakimbilia msituni.

Laiti mngewaona! Bi Riziki yule yule akaja na sahani ya halua. "Mwanangu, tuazime Mishi. Kila harusi akae uani atusikilizie."

Mwanamvua akamziba mwanawe masikio kwa kanga. "Asubuhi mlitaka achapwe, sasa mnataka awe mbwa wenu wa ulinzi. Na kama kingekuwa kinu tu, nani kati yenu angenisamehe kwa kumsikiliza mwanangu?"

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye jibu na aseme.